Inua Mkono Nione

Wadogo zangu mnaosomea uuguzi na utabibu, mkinikuta kwenye benchi la kusubiri gari mtadhani mnazungumza na muuza asali, na hamtakuwa mmekosea. Leo niko Mitundu nanunua asali kwa warina wa msituni, keshokutwa niko Utemini mjini naipima kwenye chupa, na wiki ijayo hata mimi mwenyewe sijui nitakuwa wapi. Ndugu zangu wananiambia nitulie, nijenge, nifuge kuku. Nawaitikia vizuri tu, kisha nafunga mzigo.

Lakini kabla miguu hii haijazoea kwenda ovyo, ilikuwa na kazi ya kuipeleka. Nilimaliza kidato cha nne, nikasomea uuguzi msaidizi, nikapangiwa kliniki ya mkoba ya ngozi, iliyozunguka vijijini kwa gari. Nilipunguzwa kazini ningali na nguvu, wakati ule kila idara ilipokuwa inapunguza watu, ndiyo maana nimestaafu kabla ya mvi. Kazi yenyewe siioti mara nyingi. Nikiiota, huwa naota mwanga: mlango umeachwa wazi nusu, jua linaingia kwa ubavu, na mwanamke amekaa kwenye kigoda ameshikilia kanga kifuani, bado hajaamua kuiachia.

Mtashangaa kliniki iliyoanzishwa kutafuta mabaka ya ukoma iliingiaje kwenye matiti. Iliingia kwa sababu ya adabu. Ukimwomba mtu avue ukague mgongo, ukamkagua kwa heshima, atageuka akuonyeshe na lile alilokuwa amelificha mbele. Na sisi tulikuwa wanawake pekee, ukiondoa dereva, ambaye alilala chini ya gari kila tulipofika mahali, akaamka tulipomaliza.

Aliyenifundisha ni Bi Zuhura. Alizaliwa Utemini katika nyumba ya wauza nguo. Baba yake Mnyamwezi wa Tabora, bibi yake mtu wa Pwani. Kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa na utamu ambao sisi watu wa Ikungi tuliusikiliza kama redio. Kabla ya kumgusa mgonjwa alikunja mikono, akaficha viganja kwenye makwapa yake mwenyewe, akawa anauliza habari za nyumbani. Mwanzoni nilidhani ni mazoea ya uzee. Siku moja nikamgusa mama mmoja na viganja vilivyotoka kwenye maji, mama akaruka, akafunga kanga yake, na hatukumwona tena mchana ule. Bi Zuhura hakunigombeza. Aliniambia tu, "Leokadia, mkono wa baridi hufunga mdomo wa mgonjwa."

Ilikuwa miaka ile biashara ilipoachiwa huru. Mliozaliwa baadaye hamwezi kujua ilivyokuwa. Tulitoka kwenye miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, tukaamka asubuhi moja minada imejaa vitu. Sidiria za mitumba zilimwagwa kwenye turubai kama dagaa. Zikaja krimu za vikopo, sabuni za kunukia, vitenge vya rangi ambazo hatukuwahi kuziona. Na kila kilichoshuka sokoni, baada ya muda kilitufikia sisi kikiwa juu ya ngozi ya mtu.

Mitundu nilimwona mwanamke mwenye madoa mawili chini ya titi na mengine mawili mgongoni, yamepangwa kama vifungo. Alikuwa ameyapaka dawa ya mapunye mpaka ngozi ikachubuka. Bi Zuhura alimwomba avae tena sidiria yake, kisha akanionyesha: kila penye chuma pana doa. Dawa ikawa wembe wa kung'oa vile vyuma, na sindano ya kushonea vifungo vya shati. Tuliporudi tukakuta fundi cherehani wa pale amebandika tangazo kwamba anabadilisha vyuma vya sidiria kwa ushauri wa daktari.

Mwingine aliletwa na mama mkwe wake. Alikuwa ananyonyesha, na huyo mama mkwe alikuwa amemkataza kusugua kifua asije akakausha maziwa. Basi juu ya titi lake pakajengeka utando wa kahawia, mgumu, umepasuka vipande kama tope la lambo lililokauka. Maji na sabuni viliteleza tu juu yake. Mama mkwe alituambia kwa sauti ya huzuni kwamba ngozi ya mke wa mwanawe inageuka kuwa ya kenge. Bi Zuhura akachovya pamba kwenye spiriti, akafuta taratibu, na chini ya pamba ikatokea ngozi safi, laini, kama ya mtoto. Mama mkwe aliitazama pamba. Akatazama huku na huku, akainamisha shingo, akaomba na yeye afutwe kisogo.

Tangu siku hiyo kabla sijaogopa huwa nafuta kwanza. Hilo mlichukue, halina gharama.

Yapo na aliyoyakosea mwalimu wangu, naye aliyasimulia akicheka. Ujanani alimtibu msichana mmoja ambaye ngozi ya kuzunguka chuchu zake ilikuwa nene, nyeusi, ina chembechembe kama ganda la fenesi. Akampa mafuta haya, akampa yale. Msichana alikuwa na nidhamu, alipaka kila alichopewa. Mwishowe siku moja akauliza kwa upole, "Mama, nikipona, na bibi nimletee? Maana na yeye anayo, na shangazi pia." Bi Zuhura alisema alitamani sakafu immeze. Ilikuwa ngozi ya ukoo tu, haiumi, haidhuru, imetulia pale tangu utoto. Toka siku ile swali lake la pili kwa kila mgonjwa likawa: nani mwingine nyumbani yuko hivi? Na swali la tatu: mikono yako inafanya kazi gani?

Ni hilo la tatu ninalotaka kuwasimulia hasa.

Kliniki yetu ya Kinyangiri tuliifanyia kwenye ghala la ushirika. Zamani ghala lile lilijaa mafurushi ya pamba na magunia ya mtama. Wanunuzi walipoanza kuja na malori yao wenyewe wakinunulia shambani, ghala likabaki na harufu tu. Kona moja tukapewa sisi, tukatenga kwa kanga mbili zilizofungwa kwenye kamba. Kona ya pili kilikuwa kikundi cha akina mama waliopata mashine ya mkono ya kukamua alizeti. Bati lilikuwa na matundu, na jua liliingia kwa nyuzi nyembamba, na ndani ya kila uzi makapi ya alizeti yalielea yakimeta. Mashine ililia siku nzima, sauti ya chini, ya kuvuta na kuachia. Wakati mwingine nikiwa njiani peke yangu huisikia bado, nikasimama kidogo.

Siku hiyo aliingia mwanamke mwenye mabega mapana, amembeba mtoto mgongoni. Hakuja kukaguliwa. Alipiga goti kidogo, akamwamkia Bi Zuhura, akasema amekuja kuuliza maziwa ya kopo. Amesikia mjini yapo.

"Yapo," Bi Zuhura akasema. "Maduka siku hizi yana kila kitu. Ni ya nani?"

"Ya mtoto, mama."

Bi Zuhura akatazama kifua cha gauni lake. Upande wa kulia palikuwa na duara la unyevunyevu, linaongezeka. "Na hayo yanayomwagika ni ya nani?"

Mwanamke akafunika duara kwa kiganja. "Haya yana kamba ndani."

Jina lake la kubatizwa lilikuwa Yunisi, lakini pale kijijini aliitwa Mama Mkumbo, na Mkumbo ndiye yule aliyekuwa mgongoni, mtoto wake wa kwanza. Tulimketisha kwenye kigoda, tukageuza kigoda mpaka mwanga wa mlango ukamjia kwa ubavu. Kumbukeni hilo. Mwanga wa usoni hulainisha ngozi yote ikawa kama ukuta uliopakwa chokaa. Mwanga wa ubavuni huonyesha kila bonde na kila tuta. Tukatazama matiti yote mawili akiwa amekaa. Hakuna kitu. Akaweka mikono kiunoni, akainama mbele. Hakuna kitu.

"Inua mkono nione," akasema Bi Zuhura.

Mkono wa kulia ulipanda ukafika usawa wa sikio, ukagoma. Na hapo, kwenye ngozi iliyokuwa tupu, ukasimama mstari. Ulikuwa mnene kama kamba ya katani iliyosokotwa pajani. Ulitoka karibu na kwapa, ukapita ubavuni mwa titi, ukashuka kuelekea tumboni, na juu yake ngozi ilizama kama mfereji. Aliposhusha mkono, ukapotea. Alipoinua tena, ukarudi. Nilikuwa nimetazama ngozi nyingi, lakini kile kilikuwa kama kitu cha ndotoni, kinachokuja ukikiita na kuondoka ukipepesa.

Mama Mkumbo alisimulia akitazama sakafu. Dada yake alikufa kwa titi, na lake pia lilianza na kitu kidogo chini ya ngozi. Yeye hangoji kufa. Ameshapatana na fundi wa chale. Siku ya mnada, ambayo ilikuwa keshokutwa, atamchana aing'oe kamba yote tangu kwapani. Na tangu alipoiona alikuwa ameacha kunyonyesha, matiti yote mawili, asimpe mwanawe kilichomo. Maziwa aliyakamua akayamwaga nyuma ya nyumba. Mkumbo alikuwa anakunywa uji mwepesi wa mtama. Tulipomteremsha tukamwona: shingo nyembamba, macho makubwa yametulia kama ya mzee anayesikiliza kesi.

"Aliyenifunga kamba hii namjua," akasema polepole. "Navuta naye mti mmoja."

Mimi nilifungua mdomo niulize ni nani. Bi Zuhura akanikanyaga mguu. Yeye akauliza, "Mti gani?"

Akatupeleka upande wa pili wa ghala. Mashine zile zilikuja na mpini wa chuma, mfupi kiasi, na mtu mmoja mwenye nguvu aliweza kuzivuta. Lakini wanawake wa Kinyangiri walikuwa wameona kwamba mpini ukirefushwa mafuta hutoka mengi zaidi, wakauchomekea mti mrefu, kisha wakaweka watu wawili mwishoni mwake. Mti ulikuwa juu mno kwa mikono peke yake. Kwa hiyo wale wawili walisimama bega kwa bega, mti ukiwa katikati yao, kila mmoja akaukumbatia kwa mkono wa ndani, akaubana chini ya kwapa, akauangushia uzito wa kifua. Alizeti ikikwama mti ulishtuka, na walishtuka nao wote wawili. Bi Zuhura aliuliza kwa nini hawavuti kwa viganja. Mmoja akamjibu kwamba viganja vinachoka, kifua hakichoki. Wengine wakacheka, wakasema huyu mama wa mjini hajawahi kukamua hata limau.

Bi Zuhura alikaa juu ya gunia la mashudu akatazama kwa muda mrefu. Mama Mkumbo alikuwa anasimama kushoto, mti chini ya kwapa lake la kulia. Upande wa kulia alisimama mwanamke mwembamba aitwaye Rehema, mke wa mwenye duka, mti chini ya kwapa lake la kushoto. Katika kikundi kile ni yeye peke yake aliyeitwa kwa jina lake mwenyewe. Wengine wote walikuwa mama fulani. Awali, tuliambiwa, Mkumbo alipolia kwenye tenga lake Rehema ndiye aliyeacha kazi akambembeleza. Sasa tenga lilikuwa limesogezwa upande mwingine, na wale wawili walivuta mti mmoja bila kusalimiana.

Tuliporudi nyuma ya kanga, Bi Zuhura alimkagua upya Mama Mkumbo. Alitafuta uvimbe kwa ncha za vidole, robo moja ya titi baada ya nyingine, kisha kwapani, kisha juu ya mfupa wa bega. Akabana chuchu kidogo akatazama kinachotoka: maziwa meupe. Akamweleza. Chini ya ngozi kuna mishipa midogo ya damu. Mmoja umebanwa na mti mpaka damu ikagandia ndani yake, ukawa mgumu, ndiyo kamba anayoiona. Haitokani na mtu. Haifanani na ugonjwa wa dada yake. Akipumzisha kifua, akakikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, itayeyuka yenyewe. Na maziwa hayana kosa.

Mimi nilijua pia kitu ambacho hakukisema: alikuwa ameuona ugonjwa ule mara moja tu maishani, wodini, kwa mwanamke aliyebeba mizigo kwa mkanda. Una jina la daktari mmoja wa nje, mtalikuta vitabuni. Bi Zuhura hakuwahi kulikumbuka.

Mama Mkumbo alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akafunga gauni lake. "Asante, mama. Hata dada yangu aliambiwa itayeyuka."

Akatoka na mtoto akakaa kizingitini. Mashine ikaanza tena kulia.

Wadogo zangu, hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Kuutambua ugonjwa ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba mtu ameshautambua kabla yako, kwa msiba wake mwenyewe, na msiba una nguvu kuliko spiriti na pamba.

Bi Zuhura alificha tena viganja kwapani. Kisha akaniagiza niwatangazie akina mama wa mashine kwamba leo tunawakagua wote, kazi yao ni nzito na ngozi zao ni muhimu. Walikuja mmoja mmoja wakitaniana. Mmoja alikuwa na ukurutu chini ya matiti, kwenye mkunjo panapokusanya jasho. Tukampa unga wa kupaka na kumwambia alegeze kanga. Mwingine alikuwa na chuchu ya tatu, ndogo, mbavuni, ambayo miaka yote alidhani ni chunjua. Alipoambiwa ni nini alicheka mpaka akakaa chini, akasema mume wake asiambiwe, ataongeza masharti.

Rehema alikuja wa mwisho. Alisema yeye ni mzima. Alisema ana haraka, duka halina mtu.

"Inua mkono nione," akasema Bi Zuhura.

Akainua wa kulia, ukafika juu. Bi Zuhura akangoja. Wa kushoto ulipanda ukafika sikioni, ukagoma. Na pale, kwenye titi la kushoto, ukasimama uzi uleule. Ilikuwa kama mtu amemtazama Mama Mkumbo kwenye kioo.

Rehema hakulia. Alisema kwa sauti ya chini sana, maana wenzake walikuwa upande wa pili wa kanga, "Mama, ukilitaja hili huko nje, watasema nimemfunga mwenzangu na fundo limenirudia."

"Sitalitaja. Ni lako."

Akamweleza kama alivyomweleza mwenzake, na huyu aliamini, kwa kuwa alitaka sana kuamini. Uso wake ukalegea. Alikuwa ameishi na kamba ile tangu mwezi uleule ya mwenzake ilipotokea, akijifunika hata akioga, akijiuliza kama kweli moyo unaweza kumfunga mtu bila mwenyewe kukusudia. Maana ni kweli, alisema, alikuwa akimshika Mkumbo akitamani awe wake. Bi Zuhura akamwambia kutamani hakufungi mshipa wa mtu.

Kisha akamkumbusha la keshokutwa, ambalo kijijini halikuwa siri: mnada, fundi, wembe. Na la maziwa yanayomwagwa. Hakumwomba chochote. Ningekuwa mimi ningemwomba, ningembana, ningemwambia maisha ya mtoto yako mkononi mwake. Bi Zuhura alinyanyuka, akaanza kukunja pamba.

Mkumbo alikuwa analia kule kizingitini. Hakuwa na kilio cha nguvu. Alikuwa analia kama mlango unaosukumwa na upepo. Rehema alikaa juu ya kigoda, kanga mikononi, kifua wazi, akisikiliza. Nyuzi za jua zilikuwa zimesogea, moja ilimpita begani.  Katika kumbukumbu yangu mashine ilinyamaza, ingawa nafikiri hilo nimeliongeza mwenyewe.

"Mwite," akasema Rehema.

Nilimleta Mama Mkumbo, mtoto akamwacha kizingitini kwa wenzake. Alipoona ni nani aliyekaa mle akataka kurudi. Rehema hakumsalimu. Aliinua mkono wa kushoto mpaka ulipogoma, akaugeuzia mwanga.

"Nitazame."

Mama Mkumbo alitazama. Alisogea, akanyoosha kidole, akaufuata ule uzi kutoka kwapani kushuka, kama mtu anayefuata njia ya sisimizi. 

"Tangu lini?"

"Tangu wewe."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wewe ungesema nini?"

 Mama Mkumbo alijiweka upande wa kushoto wa mwenzake, kama wanavyosimama kwenye mashine, na akainua mkono wake wa kulia. Wakabaki hivyo, bega kwa bega, mikono miwili imegomea masikioni, kamba mbili zimesimama, na kati ya kamba na kamba pengo la upana wa mti. Waliliona wote wawili kwa pamoja. Mama Mkumbo alitoa sauti ambayo mwanzoni nilidhani ni kilio.

"Huu mti," akasema, "nimeuchagua mimi. Nimeukata kwa shoka langu."

Rehema akaanza kucheka, naye Mama Mkumbo akacheka, wakashikana wasianguke, na maziwa yakawa yanamwagika yakawalowanisha wote. Ni Rehema aliyetoka akamchukua Mkumbo. Alimpakata kidogo tu, kisha akamweka pale alipostahili kuwa. Mtoto alisita. Alitazama chuchu kama mtu anayerudi nyumbani akakuta mlango umepakwa rangi. Halafu akakumbuka.

Mtadhani mambo yaliishia hapo. Bi Zuhura hakukubali. Alimwambia Mama Mkumbo wazi: mimi nimesema ni mshipa, lakini nitarudi mwezi ujao na mwezi unaofuata, na ikibaki kamba, au nikigusa uvimbe, nitakupandisha gari la kwenda hospitali mimi mwenyewe. Akawaambia waufunge mti kamba ndefu mwishoni, waivute kwa viganja, wima, na wawe wanabadilishana pande. Wanawake wakanung'unika kwamba mafuta yatapungua. Mama Mkumbo akawaambia anayetaka kukumbatia aende kwa mumewe.

Mwezi ule ulikuwa mrefu kwangu. Tulikwenda Itigi, tukapita Ikungi, na kila nilipoona alizeti zimegeuza vichwa vyote upande mmoja nilifikiria mkono unaoinuka. Siku ya mnada ilipita bila sisi kujua nini kimetendeka.  Mara moja tu, tukivuka korongo, Bi Zuhura alisema bila kunitazama, "Kama nimekosea, Leokadia, nimemkosea yule mtoto pia." 

Tuliporudi Kinyangiri, Mama Mkumbo alikuwa anatusubiri nje ya ghala. Hakungoja kigoda. Alisimama kwenye jua la ubavu, kwa kuwa alishajifunza, akainua mkono wa kulia. Ulipita sikio. Ulipita kichwa. Ulinyooka. Bi Zuhura alipitisha vidole pale ilipokuwa kamba, akapitisha tena, akakagua na kwapa, na nikaona mabega yake yakishuka. Kilichobaki kilikuwa alama hafifu kama ya mshono wa mto usoni unapoamka. Siku ya mnada, Mama Mkumbo alituambia, alikwenda kweli, lakini alikwenda kuuza mafuta. Fundi wa chale alinunua chupa moja. Kamba ya Rehema ilichelewa kidogo, ikaisha mwezi uliofuata.

Sasa nisikilizeni vizuri, kabla hamjaondoka na hadithi mkasahau kazi. Siyo kila kitu cha ajabu kwenye ngozi ya titi ni kamba ya Kinyangiri. Ukurutu wa chuchu moja tu usiosikia dawa, kidonda kisichofunga, ngozi iliyovimba ikawa na vitundu kama ganda la chungwa, uvimbe usioteleza chini ya vidole, chuchu iliyozama ghafla: hayo msiyafutie spiriti wala kuyachekea. Yapelekeni mbele, hospitali kubwa, siku hiyohiyo. Bi Zuhura aliyapeleka mengi, na baadhi ya wale wanawake hatukuwaona tena. Mazuri na mabaya hukaa kigoda kimoja. Ndiyo maana unatazama yote mawili, mikono chini, mikono kiunoni, mikono juu, na ndiyo maana unarudi.

Na siri ya mgonjwa ni yake. Wewe waweza kumkalisha karibu na mlango. Kuufungua ni mkono wake.

Bi Zuhura amekwisha kufariki, amezikwa mjini. Mimi nazunguka. Mwaka jana nilipitia Kinyangiri na madumu yangu ya asali bila sababu ya maana, kwa kuwa biashara ya asali kule haipo. Ghala limepigwa bati jipya, kuna mashine ya injini inayoguruma hata husikii mtu akikuamkia. Ile ya mkono iko nje, kuku wanaatamia chini yake. Sikumkuta niliyemfahamu. Nikarudi barabarani.

Gari lilipoanza kuondoka niliwaona kwa mbali, wanatoka shambani. Wanawake wawili, mmoja mabega mapana, mwingine mwembamba, wamebeba beseni la alizeti kati yao, kila mmoja ameshika mkono wa beseni upande wake, na kijana mrefu anawafuata na jembe. Walikuwa wamebadilishana pande. Sijui kama walinitambua au walipungia tu gari, kama watu wa kule wanavyofanya. Yule mpana aliinua mkono wa kulia. Yule mwembamba akainua wa kushoto.

Macho yangu yalikwenda yenyewe yalikozoea kwenda. Mikono ile ilipanda, ikapita masikio, ikanyooka mpaka juu, na ikakaa huko mpaka vumbi la gari lilipotufunika.